Herufi tano za ajabu kwenye faili ya mjomba

Jamani, mjomba wangu aliniletea faili aliyoiandika mwaka 1988: mahojiano na wazee wa ukoo wa mama. Wazee wale wote wameshaaga dunia, na nakala ya karatasi ililiwa na mchwa. Nikaifungua kwa kihariri cha kawaida, nikaona "watõ", "shambá", "mtotï", "nyumbané". Mjomba akaguna: "Basi, imeoza."

Haikuwa imeoza. Iliandikwa kwa WordStar, programu ya kampuni ya MicroPro iliyotoka mwaka 1978. Kumbuka kwamba ASCII, mfumo wa herufi wa mwaka 1963, hutumia biti 7 tu, yaani alama 128, ilhali baiti ina biti 8. Ile moja iliyobaki WordStar haikuiacha ikae bure. Iliiwasha kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, ili ijue pa kutanua nafasi inaponyoosha ukingo wa kulia. Kwa tarakilishi zenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, ulikuwa ujanja mzuri. (Hata mimi ningefanya hivyo, usinicheke.)

Kuwasha biti hiyo ni kuongeza 128. Herufi a ni 97. Ikawa 225, ambayo kwenye Latin-1 ni á. Na kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, karibu uharibifu wote ulikuwa herufi tano: á, å, é, ï, õ. Kiswahili kilinirahisishia kazi!

Nikaandika skripti ya kuondoa 128 kila mahali. Kosa! Maneno yalirudi, lakini aya zikapotea. Mstari uliokatwa na WordStar yenyewe humalizika kwa 141, na ule ambao mwandishi amebonyeza Enter humalizika kwa 13. Toa 128 kwenye 141 uone: zote zinakuwa 13, na kila mstari unakuwa aya. Nikarudia kwa nakala safi, 141 nikaigeuza nafasi kwanza, ndipo nikapunguza.

Zikabaki amri zinazoanza na nukta. Nikamwuliza mjomba, aliyekuwa ameinama begani kwangu, kama anakumbuka ".pa" ni nini.

"Ukurasa mpya," akajibu kabla sijamaliza. "Hapo ndipo anaanza kusimulia nyanya yako. Shuka chini kidogo."