Oregon Dunes: namna ya kupata kambi yenye utulivu karibu na vilima vya pikipiki

Hapa kwetu mashariki, mtu akisikia neno « kambi » anafikiri kwanza bashi, foleni ya maji na watu waliokimbia vita. Katika habari hii kambi ni kitu kingine. Ni mahali ambapo familia inatoka mjini, inasimamisha hema, inalala usiku mbili au tatu, kisha inarudi nyumbani. Kuna Wakongomani waliopewa makao katika jimbo la Oregon, Marekani, hasa upande wa Portland. Kutoka kule, mtu akiendesha gari karibu masaa matatu anafika Florence, mji mdogo wa pwani ambako vilima vya Oregon Dunes vinaanzia.

Vilima hivyo ni vya mchanga mtupu. Vinafuata bahari ya Pasifiki kwa kilometa karibu 65, kutoka Florence upande wa kaskazini hadi Coos Bay upande wa kusini. Vingine vinapanda hadi mita karibu 150 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1972 serikali ya Marekani iliitenga sehemu hiyo iwe eneo la taifa la mapumziko, na msimamizi wake ni idara ya misitu, US Forest Service.

Watu wanaofika pale wako na mapenzi mawili tofauti. Wa kwanza wanakuja kukimbiza mashini mchangani: pikipiki, kwadi za magurudumu manne, na magari madogo yaitwayo bagi. Wa pili wanakuja kutembea, kuangalia ndege, na kulala. Mtu asiyejua anashika nafasi ya kwanza anayoiona, analipa, anafunga hema. Ikifika asubuhi na mapema anagundua kwamba majirani wote wako na mashini, na mtoto amekwisha amka.

Wengi wanafikiri dawa ni kwenda mbali zaidi. Kwa Oregon Dunes, kwenda mbali hakusaidii sana, juu kelele na utulivu vinafuatana kama shanga kwenye uzi mmoja: sehemu ya mashini, sehemu ya miguu, tena sehemu ya mashini. Kinachosaidia ni kujua mpaka uko wapi, na kambi yako iko upande gani wa mpaka.

Mchanga uligawanywa namna gani

Idara ya misitu imefungua sehemu tatu kubwa kwa mashini. Ya kwanza inaanzia South Jetty, karibu na Florence, na kushuka hadi Siltcoos. Ya pili iko kusini ya Winchester Bay, kijiji cha bandari karibu na mji wa Reedsport. Ya tatu inaanzia Spinreel na kufika Horsfall, karibu na Coos Bay. Kati ya sehemu hizo kuna mchanga, misitu na maziwa ambako mashini hairuhusiwi kabisa.

Mgawanyo huu unagusa watu sana kwa sababu mchanga wenyewe unapunguka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1900 watu walipanda majani ya Ulaya kwenye pwani ili mchanga usifunike barabara na bandari. Majani yalishika vizuri kupita walivyotaka, na leo yanaendelea kufunika vilima. Kazi hiyo ya kuzuia mchanga ndiyo iliyomleta Frank Herbert karibu na Florence mwaka 1957 ili aandike makala. Makala haikufaulu, lakini wazo lilibaki, na mwaka 1965 alitoa kitabu chake maarufu, « Dune ». Kwa mwenye pikipiki na kwa mtembeaji vilevile, kila eneo linalofunikwa na majani ni mchanga uliopotea. Ndiyo maana mipaka inaangaliwa kwa makini, na anayeivuka anaweza kulipishwa.

Kambi kutoka kaskazini kwenda kusini

Barabara ya taifa namba 101 inapita kando ya vilima vyote. Ukishuka nayo kutoka Florence, kambi zinafuatana hivi.

Honeyman ni mbuga ya jimbo, kilometa karibu 5 kusini ya Florence, yenye maziwa mawili, Cleawox na Woahink. Ni kambi kubwa sana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, wenye mashini wanaruhusiwa kutoka moja kwa moja kwenye sehemu yake moja, iliyopewa herufi H, na kuingia mchangani. Kwa hiyo wakati wa baridi, anayetafuta utulivu asishike nafasi katika H. Wakati wa joto ruhusa hiyo haipo, lakini watoto na wageni ni wengi.

Siltcoos iko na kambi tatu kwenye barabara moja, na hapa njo watu wanakosea zaidi. Driftwood II ni ya mashini: unatoka hemani, unawasha, unaingia mchangani. Waxmyrtle na Lagoon ni za wasiokuja na mashini, ziko karibu na mto na maji yaliyotulia, na ndege ni wengi. Anayesoma tu neno « Siltcoos » bila kuangalia jina la kambi yenyewe anaweza kuanguka upande asioutaka.

Carter Lake na Tahkenitch zinafuata. Zote mbili ni kambi za msituni zisizo na njia ya mashini, na kutoka hapo kuna vijia vya miguu hadi mchangani. Mtu anayetaka kulala na kuamka na sauti ya bahari ya mbali aanze kutafuta hapa.

Winchester Bay ni makao ya wapenda mashini. Pale kuna hata nafasi zenye namba za kulala mchangani ndani ya eneo la mashini, na unazishika mbele ya kufika. Usiende pale kutafuta usingizi.

Eel Creek, karibu na kijiji cha Lakeside, ni ya utulivu, na iko mlangoni mwa vilima virefu kuliko vyote vya Oregon Dunes. Njia ya miguu iitwayo John Dellenback inaanzia pale, inakata mchanga mtupu na kufika baharini, zaidi ya kilometa 4 kwa kwenda tu. Kilometa chache kusini yake kuna Spinreel, kambi ya mashini. Jirani wawili, maisha mawili.

Horsfall inamaliza safari. Horsfall na Horsfall Beach ni za mashini, Wild Mare ni ya wenye farasi, na Bluebill ni ya utulivu. Ila Bluebill iko bondeni, na mvua ikinyesha sana maji yanapanda, kwa hiyo uliza mbele ya kwenda.

Kelele inasafiri namna gani

Kwenye Oregon Dunes, mashini haipaswi kupita desibeli 93. Kipimo kinachukuliwa nusu mita kutoka kwenye bomba la moshi. Tuchukue hesabu ya kawaida: mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, kelele inapunguka desibeli 6. Ukiwa mita 16 kutoka kwa mashini hiyo, zinabaki 63, sawa na watu wanaoongea karibu yako. Ukiwa mita 500, zinabaki karibu 33, sawa na mnong'ono.

Ila mashini haziendi moja moja. Kumi zikinguruma pamoja zinaongeza desibeli 10. Tena kipimo kile hakichukuliwi wakati mashini inapanda kilima kwa nguvu zote. Ndiyo maana nusu kilometa haitoshi kwa mtu anayetaka kulala, lakini kilometa mbili au tatu zenye kilima katikati zinaweza kutosha.

Kilima cha mchanga kinazuia kelele kuliko miti. Msitu mwembamba unakuficha machoni, lakini masikioni unasaidia kidogo tu. Ziwa nalo linapitisha sauti vizuri, hasa usiku, wakati hewa ya chini imepoa na sauti inainama kurudi ardhini. Mashini ambayo haukuisikia mchana unaweza kuisikia saa 3 ya usiku.

Halafu kuna upepo. Wakati wa joto, kwenye pwani hii upepo unatoka zaidi kaskazini-magharibi, na mchana wa alasiri unakuwa mkali. Kambi iliyo kaskazini ya eneo la mashini inapata nafuu, na ile iliyo kusini inaletewa kelele yote. Eel Creek iko kaskazini ya Spinreel, basi wakati huo upepo unaisaidia. Wakati wa baridi, dhoruba zinatoka kusini-magharibi, na hesabu inageuka.

Jambo moja watu wanalisahau: kambi nyingi za utulivu ziko pembeni ya barabara 101, ambako malori yanapita. Unaweza kukimbia pikipiki na kulala na malori. Ukifungua ramani ya kambi, tafuta namba iliyo upande wa mchanga, mbali na lami.

Siku na saa

Kwenye kambi, saa za kunyamaza ni kutoka saa 4 ya usiku hadi saa 12 ya asubuhi. Baadhi ya maeneo ya mashini yanafungwa pia usiku, na saa zake zinaandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Soma kibao, juu sheria si moja kila mahali.

Siku mbaya kwa mtafuta utulivu ni posho, pamoja na sikukuu tatu: Memorial Day mwisho wa mwezi wa tano, tarehe 4 mwezi wa saba, na Labor Day mwanzo wa mwezi wa tisa. Siku ya yenga alasiri, matrela yanaanza kurudi mjini. Kuanzia usiku huo hadi siku ya nne, hata kambi zilizo karibu na mashini zinatulia. Mwezi wa tisa, kiisha Labor Day, ni wakati mzuri: mvua kubwa haijaanza na watoto wa wengine wamerudi masomoni.

Je, kama katika familia moja baba anapenda kwadi na mama anataka kulala? Shikeni kambi ya utulivu, acheni mashini juu ya trela. Asubuhi baba anaipeleka hadi mahali pa kushushia, anacheza siku nzima, jioni anairudisha ikiwa imezimwa. Kuiwasha na kuizungusha ndani ya kambi hizo ni kuvunja sheria.

Usalama mbele ya utulivu

Usisimamishe hema kwenye mchanga wa mashini nje ya nafasi zenye namba, hata kama unaona pamenyamaza. Anayepanda kilima kwa kasi haoni kilicho upande wa pili hadi amefika juu. Kwa sababu hiyo kila mashini inadaiwa bendera ndefu, ili ionekane mbele ya kichwa cha dereva. Hema halina bendera.

Wakati wa mvua, mabonde kati ya vilima yanajaa maji chini ya mchanga, na mguu unaweza kuzama. Fuata nguzo za njia, zunguka sehemu zinazong'aa.

Kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu hadi tarehe 15 mwezi wa tisa, sehemu za mchanga mkavu wa ufukweni zinafungwa ili ndege mdogo aitwaye snowy plover atage. Anataga juu ya mchanga tu, na yai lake halionekani kwa mtu anayepita. Tangu 1993 analindwa na sheria ya taifa. Sehemu zilizofungwa hazikubali mashini, mbwa wala hema.

Tena pwani hii iko na hatari ya mawimbi makubwa ya tetemeko. Tetemeko la tarehe 26 mwezi wa kwanza 1700 lilisukuma mawimbi hadi Japani. Watu wa Goma wanajua maana ya kulala huku unaangalia mlima. Pale ni kuangalia bahari: ardhi ikitikisika kwa nguvu, usingoje king'ora, acha hema, panda juu kwa miguu.

Mbele ya kulipa, jiulize

Kambi hii iko na njia ya mashini kutoka mlangoni? Eneo la mashini la karibu liko kilometa ngapi, na kuna kilima katikati? Wakati huu upepo unatoka wapi? Nafasi yangu iko upande wa lami au wa mchanga? Ni siku gani ya juma? Kambi imefunguliwa msimu huu? Ofisi ya idara ya misitu iliyoko Reedsport inatoa ramani zenye mipaka yote. Mtu akiwa na majibu hayo sita, anaweza kulala kilometa chache tu kutoka kwa pikipiki mia moja, na asubuhi akaamshwa na ndege.