Daraja la ghuba ya Mwanza na saa mbili za tomati

Wapendwa wa promosyo, na ninyi wadogo wetu wenye mungali mu masomo, nianze na tomati.

Mwaka uliopita nilibaki karibu siku nzima kwa bandari moja ndogo upande wa Kalehe, na vikapu 6 vya tomati, nikingoja bato ya kurudi Bukavu. Bato ilikuja magaribi. Kufika mjini, vikapu 2 vilikuwa maji tu. Mama aliyenunua vile vingine alipanga bei yeye mwenyewe, juu alijua siwezi kupanda navyo mpaka Kasha na kuvilaza.

Kwa hiyo niliposoma habari za daraja la Kigongo–Busisi, kule Tanzania, sikutazama picha kwanza. Nilitafuta masaa.

Ziwa Victoria linaingiza mkono mrefu ndani ya nchi, ndiyo ghuba ya Mwanza. Ng'ambo moja ni Misungwi, ng'ambo ya pili ni Sengerema, na barabara inaendelea mpaka Geita. Kwa miaka mingi gari ilifika Kigongo ikasimama paka pale, kungoja kivuko. Kuvuka kwenyewe ilikuwa kama nusu saa, lakini foleni iliweza kufika saa mbili. Kuzunguka ghuba kwa nchi kavu ni safari nyingine kabisa.

John Magufuli alijua maji haya. Alizaliwa Chato, mbele ya Geita, na kabla ya siasa alifundisha kemia na hesabu kwa sekondari ya Sengerema. Akawa waziri wa ujenzi, kisha rais. Desemba 2019 aliweka jiwe la msingi, kazi ikaanza 2020 na kampuni za Kichina, kwa pesa ya serikali ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 700. Hakuliona likiisha, alifariki Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025, na linaitwa Daraja la JPM. Urefu ni kilometa 3. Gari inavuka kwa dakika kama nne.

Watu wa ziwa lile wana sababu nyingine ya kufurahi. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua mamia ya watu. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 200. Si kwenye mstari huu wa Kigongo, lakini nani anapanda kivuko bila kukumbuka? Sisi pia tuna Oktoba 2024, MV Merdi ilipozama mbele ya Goma ikitoka Minova.

Sasa nirudi kwa kazi yangu. Tunda likichumwa halijafa: linaendelea kupumua, na kupumua kunatoa joto. Ukilirundika mu kamyo iliyosimama kwenye jua, joto linapanda, na vya chini vinapondeka. Pamba ya Sengerema inaweza kungoja, nanasi la Geita ao samaki hapana. Halafu mchuuzi anajua umechelewa, anashusha bei. Mkulima analipa mara mbili. Na mwanzo wa 2025 gugu moja la majini, salvinia, lilijaa pale mpaka vivuko vikahangaika kupita. (Sisi wa agronomi tunalisoma kama mmea tu, kumbe linaweza kufunga barabara!)

Lakini sitaki kuimba sifa tupu. Kwa kila kivuko kuna mama wa mahindi ya kuchoma, kijana wa maji, wabeba mizigo. Walikula kwa ile foleni. Dakika nne hazinunui hindi. Hesabu ya daraja inayowaacha nje, kwangu mimi haijatimia.

Na sisi? Kamyo zinazotoka Dar es Salaam kuja kwetu zinapita Kahama na Rusumo, hazigusi ghuba ile. Bukavu nayo ina ghuba zake kati ya rasi tano, lakini siombi daraja juu ya ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480. Ningeomba hangari yenye kivuli kwa bandari zetu ndogo, na saa ya bato kuondoka iandikwe ukutani, na iheshimiwe. Mwenye kujua mlango wa kupigia hodi kwa hilo, aniandikie. Msimu wa tomati unarudi.