Daftari la Livingstone na madeni kwenye simu yako

Unaandika madeni ya duka kwenye simu? Basi mkumbuke Livingstone, aliyekaa hapa jirani Kwihara mwaka 1872 zaidi ya miezi mitano, akingoja wapagazi. Mwaka mmoja kabla, kule Nyangwe, Kongo, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Wino ukafifia. Wataalamu walikuja kuyasoma maandishi yale mwaka 2011, tena kwa kamera na taa maalumu!

Daftari la simu nalo huweza kupotea mwenye programu akiifunga. Mimi napendelea programu huria kama Joplin: waanzilishi wakichoka, mwingine anaruhusiwa kuiendeleza. Ila simu ikiibiwa, hata hiyo haikuokoi. Kila jioni ya gulio toa nakala, uiweke kwenye memori kadi, uiache nyumbani.