Malezi ya Mwendelezo: Jina kwa Kijana Anayetoka Makaoni

Kiswahili cha sheria zetu za Tanzania kina maneno ya kutosha kwa mtoto anayeingia mikononi mwa walezi wasiomzaa. Kuna malezi ya kambo, kuna kuasili, kuna familia za kuaminika, kuna makao ya watoto, na yote kwa pamoja huitwa malezi mbadala. Kila jina lina taratibu zake, barua zake na ofisi inayowajibika. Uhaba unaanza mlangoni, wakati wa kutoka. Msichana akitimiza miaka 18 akiwa makaoni, au mvulana wa familia ya kambo akamaliza kidato cha nne na muda wa malezi ukaisha, hakuna neno la kumtaja. Mtaani ataitwa "yule wa kituoni" hata akiwa na watoto wake. Kiingereza humwita "care leaver", na msaada anaostahili kuanzia hapo huitwa "aftercare". Kuyapatia mambo hayo mawili majina ya Kiswahili ni kazi ya haraka, kwa sababu jambo lisilo na jina halina fungu kwenye bajeti ya halmashauri.

Tuanze na malezi ya kambo, maana hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, huo ni utaratibu wa kumweka mtoto katika familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa na ustawi wa jamii. Familia inamlisha, inamsomesha, inamuuguza, ila haiwi wazazi wake kisheria. Kuasili ni jambo jingine: huamuliwa na Mahakama Kuu, na mtoto aliyeasiliwa anakuwa wa nyumba ile moja kwa moja. Mtoto akiwa na miaka saba, tofauti hiyo haionekani kwa jirani. Wote wawili, wa kambo na aliyeasiliwa, wanavaa sare na kwenda shule. Inajitokeza wakifika 18, pale aliyeasiliwa anapoendelea kuwa na wazazi na mwenzake wa kambo anapobaki na watu waliomtendea wema, lakini wasiofungwa na sheria yoyote kumfungulia mlango tena. Na neno lenyewe, kambo, lina uchungu wake. Wengi wetu tumelijua kupitia hadithi za mama wa kambo kabla hatujalisikia kwenye ofisi ya serikali. Hata hivyo sioni haja ya kulibadilisha, kwa kuwa limeshakaa kwenye kanuni na wananchi wanaoomba kulea wanalitumia.

Dodoma ina sababu zake za kulipa uzito swali hili. Makao ya Taifa ya Watoto yapo Kikombo, nje ya katikati ya jiji. Kipo pia Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 chini ya Wamisionari wa Damu Azizi kwa ajili ya watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliofiwa na wazazi, ambapo watoto hukaa katika nyumba za kifamilia badala ya mabweni. Tazama tarehe hiyo. Mwaka 2002 dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijaanza kutolewa bure na Serikali. Mpango wa taifa ulianza mwaka 2004. Mtoto aliyepokelewa mahali kama pale siku zile alipokelewa ili aishi vizuri kwa muda utakaojaliwa, na wachache sana wangethubutu kumpangia maisha ya miaka ishirini mbele. Dawa zikaja, watoto wakakua. Wakaanza kuuliza habari za chuo, za uchumba, za mahali pa kujenga. Utu uzima wao ni ushindi ambao hakuna aliyekuwa amejiandaa kuupokea, na kwao kutoka malezini kuna hatua ya ziada: kuhama kutoka kliniki ya watoto, ambako muuguzi amewajua tangu wakiwa wadogo, kwenda kupanga foleni ya watu wazima ambako hakuna anayewajua.

Sasa tumfuate kijana mwenyewe. Sheria inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo siku ya kuzaliwa ikifika faili lake kwa afisa ustawi wa jamii linafikia mwisho. Anahitaji kitambulisho cha NIDA. Fomu inauliza majina ya wazazi na mahali walipozaliwa, inataka cheti cha kuzaliwa na mhuri wa serikali ya mtaa. Mtoto aliyeokotwa akiwa mchanga atajaza nini? Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana mahali pa kutumiwa pesa. Akitaka mkopo wa elimu ya juu kama yatima, Bodi ya Mikopo inadai vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, na wapo ambao wazazi wao walizikwa kijijini bila kifo kusajiliwa popote. Akitaka chumba Chang'ombe au Nkuhungu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, na vyumba vya Dodoma vimepata wagombea wengi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Akitaka ajira, hata ya kulinda ghala au kukaa dukani, ataulizwa: mdhamini wako nani?

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini mkopo hutolewa kwa kikundi, na kikundi huundwa na watu wanaojuana, waliokua pamoja, wanaoaminiana kiasi cha kukubali kulipa deni la mwenzao. Kijana aliyekulia ndani ya uzio wa makao anawajua walezi wake na wenzake, ambao nao wametawanyika. Mtaa anaohamia haumjui. Tena mikopo hiyo ipo chini ya maendeleo ya jamii, wakati faili lake lilikuwa ustawi wa jamii. Anavuka kutoka dawati moja hadi jingine bila mtu wa kumtambulisha.

Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walikuwa na njia yao ya kumfikisha mtu utu uzima, na umri haukuwa kipimo pekee. Kijana alipita jando pamoja na rika lake. Akitaka kuoa, mahari ya ng'ombe ilichangwa na ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama, kwa hiyo siku aliyoanza nyumba yake alikuwa tayari na watu wengi wenye haki ya kumuuliza na wajibu wa kumsaidia. Utaratibu huo uliwahi kuvunjika vibaya. Njaa ya Mtunya, mwaka 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua mifugo, chakula na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Koo zilitawanyika na watoto wakaishia kwa watu wasio wao. Makao ya leo yanafanya kazi iliyokuwa ya ukoo, na yanaifanya vizuri kwa chakula, shule na matibabu. Sehemu ya ng'ombe wa mahari, yaani ile ya watu wengi kujifunga kwa ajili ya mtu mmoja, ndiyo haijapata wa kuibeba.

Dunia imeshaliandika jambo hili. Desemba 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, azimio namba 64/142. Inataka maandalizi ya kutoka yaanze mapema mtoto akiwa bado malezini, na kila inapowezekana awekewe mtu maalumu wa kumsindikiza. Uingereza ilikuwa imeshatunga sheria ya wanaotoka malezini mwaka 2000, inayompa kila kijana mshauri wake, na mwaka 2017 England ikaruhusu msaada huo ufike hadi miaka 25. Kenya wapo vijana waliolelewa makaoni ambao wameunda chama chao, KESCA, wakijisemea wenyewe badala ya kusemewa.

Basi tuseme nini kwa Kiswahili? Kwa kijana mwenyewe napendekeza "aliyetoka malezini". "Mhitimu wa makao" linapendeza masikioni, lakini mtu huhitimu jambo alilojiunga nalo kwa hiari, na hakuna mtoto aliyejiunga na makao kwa kupenda. "Yatima" halifai kabisa, kwa kuwa wengi makaoni wana mzazi hai aliyeshindwa au aliyewatelekeza.

Kwa msaada wenyewe kazi ni ngumu zaidi. "Uangalizi" ni neno la mahakama kwa mtu aliyeachiwa kwa masharti. "Matunzo" kisheria ni fedha anazodaiwa baba. "Ufuatiliaji" ndilo linalotumika sana maofisini, nalo hutimizwa kwa simu moja na alama ya vema kwenye daftari. "Kujitegemea" ndilo linalopendwa na wafadhili na wanasiasa, nasi tuna historia nalo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini Azimio lilizungumzia taifa lililojaa watu wa kutegemeana. Kumwambia hivyo kijana wa miaka 18 asiye na shangazi wala mjomba ni kumwachia peke yake mzigo ambao vijana wengine wengi wa Dodoma wanasaidiwa kuubeba na familia zao. Nashikilia "malezi ya mwendelezo". Linakataa ile "baada" iliyo katika "aftercare" ya Kiingereza, linabakiza malezi pale pale, na linabadilisha tu namna yake: kutoka kulishwa hadi kushauriwa, kutoka kulazwa hadi kukaribishwa Krismasi au Idi.

Neno hilo linahitaji mtu ndani yake, na mtu huyo tayari ana jina zuri: mdhamini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unaitaja kafala ya Kiislamu kuwa mojawapo ya njia za malezi mbadala. Kwa Kiarabu kafala ni kumchukua mtoto na ni kumdhamini mtu pia. Ndugu zetu waliofanya kazi Oman wanamjua kafili kama mwajiri aliyewadhamini. Maana zote mbili zinakutana kwa huyu kijana. Anayemdhamini kwa mwenye nyumba, anayekwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, anayekaa kwenye kiti cha wazazi siku ya posa, huyo anamlea bado.

Kwa hiyo kabla kijana hajatoka Kikombo au kwenye nyumba ya walezi wa kambo, faili lake liwe na majina mawili ya wadhamini, moja likiwa amelichagua yeye mwenyewe: mwalimu, mzee wa kanisa, imamu, mama lishe aliyemzoea. Waitwe, waulizwe kama wanakubali, watie saini mbele ya afisa ustawi wa jamii, na nakala ipelekwe ofisi ya mtaa anakohamia, ili siku anayoingia pale akiwa na begi lake, mwenyekiti awe ameshalisikia jina lake.