Vipeperushi vya kisiasa na kidini vya Ireland

Vipeperushi vya kisiasa na kidini vya Ireland ni karatasi zilizochapishwa ili zisomwe na kutupwa, lakini leo ni ushahidi wa kihistoria. Maktaba ya Linen Hall, Belfast, ilianza mkusanyo wake mwaka 1968, mkutubi alipopewa kipeperushi cha haki za kiraia akakihifadhi. Tangu hapo imepokea karatasi za pande zote za kisiasa. Wapo wanaozikataa kwa kuwa ni propaganda. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetafuta ukweli wa tukio, si kwa anayechunguza hofu na matumaini: Agano la Ulster la 1912, hati iliyomtegemea Mungu katika kupinga bunge la kujitawala la Ireland, ladhihirisha jinsi imani ilivyofungamana na siasa. Aidha, upendeleo wa karatasi moja hupimwa kwa kuilinganisha na ya mpinzani; hivyo kuhifadhi za upande mmoja tu ni kupotosha historia.