Barbara Jordan: Ufasaha Pekee Hautoshi

Tunapofundisha sanaa ya kuhutubia, jina la Barbara Jordan wa Marekani halikosekani. Hotuba yake ya Julai 1974, kuhusu kumshtaki Rais Nixon bungeni kwa kashfa ya Watergate, bado inasikilizwa. Hata hivyo, historia yake inatufunza kwamba ufasaha pekee haukutosha kumpa kiti.

Jordan alizaliwa Houston, jimbo la Texas, mwaka 1936. Alipomaliza sekondari mwaka 1952, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin hakikuwapokea Weusi katika shahada ya kwanza. Akasoma chuo cha Weusi mjini kwao, akang'ara katika midahalo, kisha akahitimu sheria Boston mwaka 1959.

Mwaka 1962 na 1964 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa mara zote mbili. Kura zilipigwa na kaunti nzima ya Harris, hivyo kura za Weusi zilimezwa na za Wazungu waliokuwa wengi. Baadaye mahakama ziliamuru maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu, na mipaka ikachorwa upya. Mwaka 1966 kodi waliyotozwa wapiga kura nayo ikafutwa. Mwaka huohuo Jordan alichaguliwa kuingia Seneti ya Texas. Alikuwa Mweusi wa kwanza humo tangu 1883, na mwanamke Mweusi wa kwanza kabisa.

Katika Seneti hiyo ya watu 31, alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara jimboni. Mwaka 1972 wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni alikaimu ugavana kwa siku moja. Mwaka huo alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Huko, mwaka 1975, alipigania kupanuliwa kwa sheria ya haki ya kupiga kura, na wasemao Kihispania wa Texas wakapata karatasi za kura kwa lugha yao. Kwetu walimu wa lugha, hili lina uzito kuliko hotuba zote.

Kuanzia 1979 hadi alipofariki mwaka 1996, alifundisha katika chuo kilekile cha Austin. Basi, ndugu walimu, tukiwafundisha vijana kusema vizuri, tuwafundishe pia kuuliza nani amechora mipaka, na karatasi ya kura imeandikwa kwa lugha ya nani.