Unyoya mweupe

Wiki iliyopita kwenye darasa la Kiingereza tulikutana na msemo "show the white feather", yaani kuonyesha unyoya mweupe. Mwanafunzi mmoja akasema labda ni kusalimu amri, kama ile bendera nyeupe. Hapana. Ni kuingiwa na woga, kurudi nyuma pale unapotakiwa kusimama.

Msemo umetoka kwa majogoo. Zamani Waingereza walikuwa wanapiganisha majogoo na kuwekeana pesa. Waliamini jogoo wa mbegu halisi ya kupigana hana unyoya mweupe mkiani. Akiwa nao, basi amechanganyika na kuku wa kawaida, atakimbia. (Mimi nimefuga kuku, hao wa kawaida nao hawana mchezo!) Francis Grose aliuweka kwenye kamusi yake ya maneno ya mitaani mwaka 1785. Mchezo wenyewe ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, lakini msemo ukabaki.

Baadaye unyoya ukatoka kwa kuku ukaja kwa watu. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia ndiyo vimeanza, Admirali Charles Penrose Fitzgerald alikusanya wanawake 30 katika mji wa Folkestone wawape manyoya meupe wanaume wasiovaa sare ya jeshi. Jambo likasambaa miji mingine. Uko zako barabarani, dada usiyemjua anakuja anakupa unyoya mbele za watu. Kuuliza kwanza, hakuna. Kumbe mwingine ni mgonjwa, mwingine anatengeneza silaha kiwandani, mwingine ni askari yuko likizo. Baharia George Samson alikuwa amepata Victoria Cross, nishani ya ushujaa kubwa kuliko zote za Uingereza, kwa kuokoa majeruhi kule Gallipoli mwaka 1915, na yeye mwenyewe aliumia vibaya. Huyo naye alipewa unyoya, kisa amevaa nguo za kiraia. Alikuwa njiani kwenda kwenye sherehe ya kumpongeza!

Mwaka 1916 serikali ikaanza kutoa beji ya fedha kwa walioachishwa jeshi kwa sababu ya majeraha au ugonjwa, ili watu wawaache. Yaani utembee na ushahidi kifuani kwamba wewe si mwoga.

Hii habari imenikaa kichwani kwa sababu mwaka jana, sokoni, mzee mmoja alituambia: "Wanaume wazima, mmekimbia nchi yenu." Sikumjibu. Siku tunavuka mpaka nilikuwa na miaka 12, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Yule mzee hakuuliza, kama wale wa Folkestone.

Mdogo wangu sasa ananizidi urefu. Ndiye aliyesema ile ya bendera nyeupe darasani.